Nyumba kongwe ya ufuoni: Jinsi ya kuipamba kisasa bila kuiua

MTU aliyerithi, kununua au kukodi nyumba kongwe ya mawe kando ya bahari huandamwa na tamaa moja: kuifanya ipendeze upesi. Huita fundi, huagiza magunia ya saruji na ndoo za rangi nyeupe na samawati, kisha humkabidhi picha zilizotolewa kwenye majarida ya ng'ambo.

Misimu michache ya mvua ikipita, rangi huanza kubambuka. Plasta hufura kama andazi na unga mweupe wa chumvi hujitokeza ukutani. Fundi huitwa tena, saruji huongezwa, na uharibifu huanza upya kwa kasi kubwa zaidi.

Chanzo cha balaa hili mara nyingi si uzembe wa fundi wala ubahili wa mwenye nyumba. Ni kutofahamu kwamba nyumba ya matumbawe na chokaa huishi kwa kanuni zake, tofauti kabisa na zile za nyumba ya matofali ya saruji.

Wala suala hili haliwahusu matajiri wa ufuoni pekee. Hata mpangaji wa chumba kimoja mtaani Kiamaiko, Nairobi, ana la kujifunza kutoka kwa mafundi wa kale wa Lamu, kama itakavyodhihirika mwishoni.

Urithi wa dunia

Mji wa Kale wa Lamu uliwekwa na Unesco katika orodha ya turathi za dunia mwaka wa 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar kupata heshima hiyo. Lamu ilitambuliwa kuwa makao ya Waswahili ya kale zaidi na yaliyohifadhika vyema zaidi katika Afrika Mashariki, ambamo watu wameishi bila kukatika kwa zaidi ya miaka 700.

Kabla ya hapo, wataalamu walikuwa wamekwisha kuupima na kuuchora mji huo. Msanifu majengo Usam Ghaidan alichapisha utafiti wake kuhusu Lamu katika miaka ya 1975 na 1976. Mnamo 1986, Francesco Siravo na Ann Pulver walitoa mpango wa uhifadhi wa mji huo kupitia Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Kutokana na hadhi hiyo, mwenye nyumba ndani ya eneo la hifadhi hana uhuru wa kubomoa, kuongeza ghorofa au kubadilisha sura ya jengo atakavyo. Chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006, ni sharti kwanza apate idhini. Kwa hivyo, hatua ya kwanza ya kupamba si kununua rangi, bali ni kubisha katika ofisi ya wahifadhi.

Nyumba ilivyopangwa

Ni muhali kuipamba nyumba bila kujua kila sehemu yake ilikusudiwa nini. Nyumba ya mawe ya Lamu, ambayo mfano wake ulioenea ni wa karne ya 18, haikujengwa ili itazame bahari wala barabara. Ilijengwa ili kuwapa watu wake sitara.

Mgeni hufikia kwanza daka, yaani ukumbi wenye viti vya mawe mbele ya mlango wa nakshi. Akikaribishwa hupita tekani, ukumbi mdogo wa ndani uliopinda ili jicho la mpita njia lisifike mbali. Kisha huingia kiwandani, ua usio na paa ambao ndio pafu la nyumba nzima. Mwanga na hewa ya vyumba vyote hutoka hapo.

Baada ya kiwanda hufuata kumbi mbili ndefu, msana wa tini na msana wa yuu, halafu chumba cha faragha kiitwacho ndani. Kila chumba huwa juu kidogo ya kile kilichotangulia, na sitara huongezeka kadiri mtu anavyozidi kuingia. Ukuta wa ndani ndio uliopambwa kwa zidaka, vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu, ambamo sahani za kauri kutoka Uchina na vyombo vingine vya thamani viliwekwa.

Vyumba hivyo ni virefu lakini vyembamba. Upana wake ni kati ya mita 2.5 na 3 hivi, kwa sababu moja tu: huo ndio urefu ambao boriti ya mkoko huweza kubeba dari nzito ya mawe na chokaa bila kupinda. Mkoko ndio uliompangia fundi ukubwa wa chumba.

Nyumba zenye roshani na veranda zilizo mbele ya bahari ni za baadaye. Nyingi zilijengwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, ukingo wa bahari ulipofukiwa na kuwa ardhi, na zina athari za India. Anayepamba nyumba ya aina hii anaweza kuifungua kwa upepo na mandhari ya bahari. Anayepamba nyumba ya ndani ya mtaa atafanya kosa akitoboa madirisha makubwa barabarani, kwani ataua sitara na kudhoofisha ukuta kwa pigo moja.

Ukuta unaopumua

Ukuta wa nyumba kongwe una unene wa karibu nusu mita. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo, mchanga na chokaa. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo kubwa la kuni, kisha kuyazimua kwa maji hadi yawe unga laini.

Mawe haya yana vitundu vingi, hivyo hunyonya unyevu kutoka ardhini na hewani. Chumvi nayo haikosekani. Chokaa, kwa kuwa nayo ina vitundu, huuacha unyevu huo utoke taratibu na kukauka kwa jua na upepo. Ndiyo maana mafundi husema ukuta unapumua.

Saruji hufanya kinyume. Ni ngumu kuliko jiwe linalofunikwa na huzuia maji kupita. Unyevu unaponaswa nyuma yake, chumvi hugeuka fuwele ndani ya jiwe na kulipasua kidogo kidogo. Plasta ya saruji inapoanguka, huondoka na kipande cha jiwe.

Rangi za plastiki hufanya vivyo hivyo, ingawa kwa polepole. Huweka utando ambao unyevu hushindwa kuupenya, na matokeo yake ni malengelenge na mabaka.

Dawa ya ukuta wa aina hii ni kurudia ya kale. Saruji iliyopigwa awali ibanduliwe kwa uangalifu, ukuta uachwe ukauke kwa miezi kadhaa, kisha upigwe plasta ya chokaa na mchanga usio na chumvi. Mchanga wa ufuoni usitumiwe kamwe. Tabaka la mwisho liwe la chokaa laini iliyosuguliwa hadi ing'ae, ambayo mafundi wa Lamu huiita niru, au chokaa ya maji inayopakwa kwa brashi na kurudiwa kila baada ya muda.

Chokaa haina haraka. Hukomaa kwa kufyonza hewa ya kaboni, na kila tabaka huhitaji muda wake. Mwenye nyumba anayetaka kazi ya wiki mbili hana budi kubadilisha kalenda yake, maana mkono wa fundi hauwezi kuiharakisha hewa.

Vivyo hivyo, mawe ya kuzibia nyufa yasivunjwe kwenye miamba hai ya baharini. Mawe ya kuchimba hupatikana nchi kavu, kama yale yanayochongwa Maweni katika kisiwa cha Manda. Boriti nazo zinunuliwe kwa wenye kibali cha kukata, kwa kuwa mikoko ni misitu inayolindwa.

Hatari ya jengo kongwe kupoteza uimara wake si hadithi. Mnamo Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba mashuhuri la Zanzibar lililojengwa mwaka wa 1883, iliporomoka huku likifanyiwa ukarabati. Jengo lililosimama zaidi ya karne moja halikustahimili tena.

Mtindo wa kisasa waingia wapi?

Kile kinachoitwa leo mtindo wa kisasa wa pwani kimesambazwa na hoteli na majarida ya Magharibi. Mizizi yake iko katika nyumba za ufuoni za Marekani, kama zile za Cape Cod, na katika vijiji vyeupe vya bahari ya Mediterania. Alama zake ni kuta nyeupe, samani chache na za chini, mbao zisizopakwa rangi, vitambaa vya pamba na kitani, na samawati hapa na pale.

Anayeitazama orodha hiyo kwa makini atagundua kuwa nyumba ya Mswahili ilikuwa na mengi ya hayo zamani. Kuta zilikuwa nyeupe kwa chokaa. Samani zilikuwa chache. Baraza za mawe na vitanda vya kamba vilikuwa vya chini. Mikeka ya ukindu ilitandikwa sakafuni.

Kwa hivyo, kazi ya mrembeshaji si kuileta pwani ndani ya nyumba ya pwani, bali ni kuondoa yale yaliyoifunika. Nyumba nyingi hupendeza mara tu dari za ubao mwembamba zinapoondolewa na boriti kuonekana, au zidaka zilizozibwa kwa saruji zinapofunguliwa.

Kanuni moja yatosha kumwongoza mwenye nyumba: kila kipya kiwe cha kuondoleka. Kiti, pazia, zulia, taa na rafu ya kusimama huja na kwenda bila kuacha kovu. Msumari uliopigwa kwenye kidaka, kigae kilichogandishwa kwa saruji juu ya sakafu ya chokaa au ukuta uliobomolewa ili kupata sebule pana ni majeraha yasiyotibika.

Vyombo vya ndani

Katika chumba chembamba, kochi kubwa la mjini huziba njia na kuyafanya macho yachoke. Kinachofaa ni samani zinazofuata urefu wa ukuta. Baraza ya mawe au ya mbao yenye magodoro membamba na mito ya kikoi huketisha watu wengi bila kula nafasi.

Kiti cha enzi, chenye mbao nyeusi na kamba nyeupe zilizosukwa, kinatosha kimoja tu ukumbini. Viwili au vitatu huifanya nyumba ifanane na duka la vitu vya kale. Kasha la misumari ya shaba laweza kuwa meza ya chini na pia ghala la mashuka. Samadari, kitanda cha nguzo nne, hubeba chandarua bila kutoboa dari.

Zidaka zisijazwe. Mafundi waliyapanga matundu hayo ili kivuli kiwe sehemu ya nakshi. Sahani mbili za kauri, chetezo cha kufukizia udi na taa ndogo vyatosha, huku vidaka vingine vikiachwa vitupu.

Rangi ya samawati, inayopendwa mno na majarida, yafaa ipatikane kwenye vitambaa badala ya kuta. Leso na vikoi hubadilishwa kwa gharama ndogo mwenye nyumba anapochoka. Mlango wa nakshi usipakwe rangi hiyo hata kidogo, kwa sababu rangi nzito huziba michoro iliyochongwa kwa mkono. Mafuta ya mbao yanamtosha.

Mbao za majahazi yaliyozeeka zimekuwa zikigeuzwa meza, vioo na viti. Lamu pia imeonyesha njia nyingine. Mwaka wa 2018, jahazi liitwalo Flipflopi lilishushwa majini baada ya kuundwa kwa taka za plastiki na kupambwa kwa ndara zilizookotwa ufuoni, fundi wake mkuu akiwa Ali Skanda. Mwaka uliofuata lilisafiri hadi Zanzibar, likithibitisha kuwa ufundi wa kale waweza kukubali malighafi ya leo.

Kwa upande mwingine, kuna mapambo yanayopaswa kuepukwa hata kama yanauzwa hadharani. Magamba ya kasa ni marufuku. Matumbawe hai na makombe yaliyochukuliwa kwenye hifadhi za bahari hukausha bahari ile ile inayosifiwa ukutani.

Maji, umeme na joto

Wapangaji wa leo wanahitaji bafu, jiko na intaneti, na hakuna anayepaswa kuishi kama yumo katika makumbusho. Swali ni jinsi ya kuviingiza.

Maji ndiyo adui mkubwa. Tangi la lita 1,000 likijaa huwa na uzito wa tani moja. Kuliweka juu ya dari ya boriti zilizozeeka ni kualika msiba. Liwekwe chini au kwenye mnara wake. Bafu jipya nalo lijengwe mahali choo cha kale kilipokuwa, mabomba yapite nje ya ukuta ili yakivuja yaonekane mapema.

Zamani, kila choo kilikuwa na birika la maji, na samaki wadogo walifugwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Birika kama hilo laweza kusafishwa na kubaki kama pambo lenye kazi.

Nyaya za umeme zipite kwenye mifereji myembamba juu ya ukuta na kufuata mstari wa boriti, badala ya plasta kuchimbuliwa. Taa ziwe za chini na zenye mwanga wa manjano, zikimulika ukuta kutoka kando ili nakshi zitoe vivuli. Vyuma vya kawaida hushikwa na kutu kwa hewa ya chumvi, hivyo bawaba na vishikizo vya shaba au mbao hudumu zaidi.

Kuhusu joto, ukuta mnene na kiwanda kilicho wazi hufanya kazi ambayo kiyoyozi hulipiwa. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu ya ua, na ya baridi huvutwa vyumbani. Mwenye nyumba anayekifunika kiwanda kwa kioo ili apate sebule hulazimika kununua viyoyozi, na viyoyozi hivyo huzidisha unyevu ukutani. Feni ya dari iliyofungwa kwenye boriti nzima, pamoja na madirisha yanayopokea kaskazi na kusi, hutosheleza katika miezi mingi ya mwaka.

Nani atabaki?

Urembo una upande wake mchungu. Nyumba ya mawe ikigawanywa kwa mirathi huishia kuwa na wamiliki wengi, na hakuna mmoja awezaye kugharimia matengenezo peke yake. Mnunuzi mwenye fedha anapojitokeza, jamaa huuza. Katika kijiji cha Shela, umbali wa kilomita chache kutoka mjini Lamu, nyumba nyingi zimechukuliwa na wageni kwa njia hiyo.

Baadhi ya wanunuzi hao wamekarabati kwa ustadi na kuwapa kazi mafundi wa chokaa na wachonga nakshi. Hata hivyo, mji usio na wenyeji huwa ganda la kombe: zuri, lakini mwenyewe hayumo. Familia inayokarabati chumba kimoja kimoja kwa chokaa ya bei nafuu, na kuwakaribisha wageni katika sabule, yaani chumba cha wageni, huweza kuihifadhi nyumba na pia kubaki ndani yake.

Somo kwa Kiamaiko

Ni umbali mrefu kutoka Shela hadi Kiamaiko, mtaa wa eneobunge la Mathare unaojulikana jijini Nairobi kwa soko la mbuzi na machinjio yake. Lakini kuna kipimo kinachowaunganisha. Chumba cha kupanga cha futi 10 kwa futi 10, kilichozoeleka katika mitaa ya Eastlands, kina upana unaokaribia kabisa ule wa chumba cha ndani cha Lamu.

Tofauti ni kwamba mafundi wa Lamu walikubali wembamba huo na kuutafutia maarifa. Maarifa hayo hayahitaji bahari.

Kwanza, vitu viwe ukutani, visiwe sakafuni. Asiye na zidaka aweza kuangika rafu nyembamba kutoka usawa wa kichwa hadi darini. Pili, benchi refu lenye sanduku chini yake lishike nafasi ya makochi mawili, liwe kiti mchana, kitanda cha mtoto usiku na ghala wakati wote.

Tatu, ukuta wa mawe upakwe chokaa au rangi nyeupe ili mwanga wa dirisha moja uongezeke. Chokaa haishiki kwenye mabati, hivyo chumba cha mabati chaweza kuvikwa shuka nyepesi nyeupe, ikae mbali na jiko na taa ya mafuta. Nne, pazia la leso ligawe chumba katika sehemu ya wageni na sehemu ya faragha, kwa kuwa sitara si haki ya wenye majumba pekee.

Somo la mwisho ndilo zito zaidi. Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua kubwa ikinyesha, jumba la ghorofa lilibomoka Huruma, jirani kabisa na Kiamaiko, na kuua makumi ya watu. Mpangaji anayeona ufa unaopanuka, nguzo inayomong'onyoka au ukuta unaotoa maji hapaswi kuufunika kwa pazia wala rangi. Aulize, apige ripoti, na ikibidi ahame.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mafundi wa chokaa wangeongeza kwamba namna ya kuuziba ufa huo ni muhimu kama kuuziba kwenyewe. Anayeanza na ukuta, akamaliza na mto wa kikoi, atakuwa na nyumba ya kuwaachia wajukuu. Anayeanza na mto atakuwa na picha nzuri tu.